Jasho Si Mafuta Yaliyoyeyuka

Kila Januari naulizwa swali lile lile, kuanzia Voi mjini hadi Miasenyi: "Daktari, nikijifunga nailoni tumboni nikakimbia, kitambi kitaisha baada ya wiki ngapi?" Kwanza, mimi si daktari, ni mtaalamu wa fiziotherapia. Pili, hakitaisha. Ongeza wiki upendavyo.

Ushahidi unaoletwa naujua. Mtu alijipima, akakimbia na nailoni chini ya jaketi, akajipima tena, na mizani ikaonyesha amepungua kilo moja. Mizani haikudanganya. Lita moja ya jasho ina uzito wa kilo moja, na alichopoteza ni maji. Akinywa vikombe vinne, kilo yake imerudi. Mafuta hayatoki kwenye vinyweleo. Mwili huyachoma ndani, na sehemu kubwa ya mabaki yake hutoka kwa pumzi. Wala huwezi kuuamuru uanzie tumboni. Huchukua akiba popote unapotaka wenyewe.

Jasho lina kazi ya kuupoza mwili, na huifanya linapokauka juu ya ngozi. Ukiifunika ngozi kwa nailoni, jasho linatiririka bure na joto linabaki ndani. Kufanya hivyo kwenye nyika ya Taru, Januari, ambako kufikia saa nne hata mbuzi wamekimbilia kivuli, ni kujitafutia maradhi ya joto. Mwishoni mwa 1997, wanamieleka watatu wa vyuo vikuu vya Marekani walikufa katika muda wa wiki chache, kila mmoja akijikamua uzito kwa mazoezi ndani ya mavazi yasiyopitisha hewa. Walikuwa vijana, wanamichezo wa kweli. Wasimamizi wa michezo ya vyuo huko wakayapiga marufuku mavazi hayo mwaka 1998. Kenya nayo ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, lakini naona matumboni bado inaruhusiwa.

Na kabla hujauliza: maji ya tangawizi na ndimu ni kinywaji kitamu. Kitambi hayakijui.

Sasa hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina takriban kalori 7,700. Nusu saa ya kutembea kwa kasi huchoma kama 150. Kwa hiyo anayeniambia atapunguza kilo kumi kwa mwezi amepanga kushindwa. Kilo mbili kwa mwezi ni mwendo mzuri, tena ukigusa sahani pia: soda ya kila siku iwe ya Jumapili, chapati tatu ziwe moja, mboga iongezwe.

Tembea dakika 30, siku tano kwa wiki. Hizo ndizo dakika 150 ambazo Shirika la Afya Duniani linazitaja kuwa za chini kabisa kwa mtu mzima. Kasi iwe ya kukuwezesha kuzungumza lakini si kuimba. Ushauri wa Nairobi wa kukimbia saa kumi na moja alfajiri uache huko huko. Huku saa hiyo unaweza kukutana na ndovu njiani. Subiri jua litoke, maliza kabla ya saa mbili unusu, na kaa mbali na barabara kuu ya malori. Siku mbili kwa wiki tia misuli nguvu: chuchumaa uinuke, piga pushapu ukutani, beba mtungi wa maji wa lita 20. Kina mama wanaoubeba kila siku hawana haja ya zoezi hilo; mzee wa nyumba aupokee. Ukikosa siku mbili, endelea ya tatu, usingoje Januari nyingine.

Usipime mafanikio kwa mizani pekee. Zungushia kiuno futi ya fundi cherehani mara moja kwa mwezi, asubuhi kabla ya kula.

Mwenye presha, sukari, maumivu ya kifua, au aliyejifungua karibuni, apite kituo cha afya kabla ya kuanza. Kupima presha huchukua dakika chache, na wengi wanaokuja kwangu kuuliza habari za nailoni hawajawahi kuipima.