Mwanafunzi akisema ‘niko na mawazo’, anatuambia nini?

Muhula mmoja, mwanafunzi wangu kutoka Laini Saba, mtaani Kibera, alinijia ofisini baada ya somo la sarufi. Alisimama mlangoni akasema: “Mwalimu, siku hizi niko na mawazo mingi.” Nilicheka. Nikamwambia kuwa asiye na mawazo hana haja ya kuja chuoni, kisha nikamsahihisha: si “mawazo mingi”, ni “mawazo mengi”. Alitabasamu, akashukuru, akaenda zake. Wiki tatu baadaye hakuwa akionekana tena darasani.

Nilipomtembelea kwao, karibu na reli, mama yake alinieleza kwa sentensi moja jambo ambalo mimi, mwalimu wa lugha, sikulisikia: “Mwalimu, huyu kijana usiku halali, chakula hataki, ni kuwaza tu.” Karo ilikuwa imemlemea, naye aliona haya kusema.

Kosa langu lilikuwa la kisemantiki. Katika Kiswahili, ‘wazo’ na ‘mawazo’ si umoja na wingi tu. Mtu akisema “nina wazo”, ana jambo analotaka kupendekeza. Akisema “nina mawazo”, bila kuongeza neno, anakuambia kuwa ana dhiki moyoni. Kila mzungumzaji wa lugha hii anaijua tofauti hiyo, hata kama hajawahi kufundishwa. Mwanafunzi wangu alitumia lugha yake sawasawa. Ni mimi niliyesikia upatanisho wa kisarufi nikakosa kusikia ujumbe.

Wataalamu wa afya ya akili nao wana istilahi zao. ‘Msongo wa mawazo’ unatokana na kitenzi ‘songa’, chenye maana ya kubana au kukandamiza. Ndicho tunachokitumia tunaposonga ugali, na ndicho kilichozaa ‘msongamano’ wa magari. Ni istilahi inayofaa, kwa kuwa aghalabu mtu mwenye msongo huweza kutaja kinachombana: mtihani, kodi ya nyumba, karo. Mzigo ukipungua, mara nyingi naye hupata nafuu.

‘Sonona’ ni hali nyingine. Ni ugonjwa unaodumu kwa wiki mbili au zaidi, ukimnyang’anya mtu usingizi, hamu ya chakula na furaha, wakati mwingine bila sababu anayoweza kuitaja. Wapo wanaouita ‘mfadhaiko’, lakini neno hilo linatokana na ‘fadhaa’, yaani kuchanganyikiwa kwa kushtuka, na fadhaa hupita. Mimi naegemea ‘sonona’ kwa sababu ndugu yake, ‘kusononeka’, tayari yumo vinywani mwetu. Istilahi yenye mzizi unaojulikana haihitaji mkalimani.

Tuje sasa kwenye kibao cha mlangoni. Katika vyuo vingi vya Kenya, huduma hii huitwa ‘ushauri nasaha’. Maneno yote mawili yana asili ya Kiarabu na yote yanahusu kumpa mtu maoni. Basi jina lenyewe linamtangazia mwanafunzi kuwa akiingia, ataambiwa la kufanya. Isitoshe, wengi walilijua jina hilo katika shule ya upili, ambako aliyetoroka au kupigana “alipelekwa gaidansi”. Kwao, ofisi hiyo ni jirani ya ofisi ya nidhamu. Wenzetu wa Tanzania hutumia pia ‘unasihi’, neno fupi zaidi, ila nalo linatokana na nasaha ile ile. Ilhali kazi kubwa ya mshauri aliyehitimu si kusema, ni kusikiliza.

Hofu hii haikutokana na shule pekee. Hospitali ya Mathari, iliyoanzishwa mwaka wa 1910, inatibu watu kila siku, lakini jijini Nairobi jina lake limegeuzwa tusi. Nayo sheria, kupitia kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, ilimhesabu aliyejaribu kujitoa uhai kuwa mhalifu anayeweza kufungwa hadi miaka miwili. Ni tarehe 9 Januari 2025 tu ambapo Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kuwa kifungu hicho kinakiuka Katiba. Jina la hospitali likiwa tusi, na maumivu yakiitwa kosa, kijana atanyamaza.

Yapo ya kujifunza nchini Zimbabwe. Mwaka wa 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kuwafunza akina nyanya wa mtaa wa Mbare, Harare, kuwasikiliza wenye dhiki kwenye benchi nje ya kliniki. Benchi lilipohusishwa na ugonjwa wa akili, watu walilikwepa. Wale nyanya wakashauri jina libadilishwe. Kwa Kishona likaitwa Chigaro Chekupanamazano, yaani kiti cha kupeana mawazo. Ugonjwa wenyewe waliuita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Tazama hiyo ‘kupana’: ni ‘kupeana’ yetu, yenye kiambishi -an- cha kutendana. Anayeketi pale haendi kupewa tu, naye anatoa.

Kiswahili kina kiambishi hicho hicho. Tunasema kushauriana, kusikilizana, kuzungumza na mwenzio. Sipendekezi tuzitupe istilahi. Daktari anahitaji ‘sonona’ ili atofautishe ugonjwa na uchovu. Ninachosema ni kwamba kibao cha mlangoni si cheti cha daktari. Kingeandikwa “Njoo tuzungumze”, kijana wa Laini Saba angejua kuwa anaitwa yeye, hata kabla hajajua ugonjwa wake unaitwaje.

Yule mwanafunzi alirudi mwaka uliofuata, baada ya kupata mtu wa kumsikiliza. Bado husema “mawazo mingi”. Nami siku hizi, mwanafunzi akiniambia hivyo, namvutia kiti kwanza. Ngeli ya YA itasubiri kipindi cha kesho.