Vikapu kumi na viwili: juu ya feza inayopotea ndani ya jamaa zetu

Kusoma: Marko 6:35-44, Yohana 6:1-13, 2 Wafalme 4:1-7



Muujiza wa mikate mitano na samaki wawili tunauhubiri sana katika makanisa yetu, na ni vizuri. Lakini tunapouhubiri tunapenda kusimama pale katikati, mikate inapoongezeka, na tunaruka mwanzo na mwisho. Mwanzoni, Marko anatuonyesha Bwana akiwauliza wanafunzi wako na mikate mingapi, kisha akawatuma waende kuangalia. Yeye alijua. Alitaka wao pia wajue. Mwishoni, Yohana anaandika kwamba watu walipokwisha kushiba, Bwana aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki, kisipotee kitu. Vikajaa vikapu 12. Yule aliyetoka kulisha wanaume karibu 5,000 kwa chakula cha mtoto mmoja hakukubali mabaki yaachwe juu ya majani.

Kwa hiyo hatuwezi kukubaliana na ndugu wanaosema kwamba mkristo anayehesabu feza yake amepungukiwa imani. Bwana alihesabisha mbele ya muujiza, na akakusanyisha nyuma ya muujiza. Elisha naye alifanya vile vile kwa yule mjane wa manabii. Mwanamke alikuja analia kwa sababu mdai alitaka kumchukua watoto wake wawili wawe watumwa, na nabii, kabla ya mafuta kuongezeka, alimuuliza ana nini nyumbani. Mafuta yalipoongezeka, hakumwambia afanye karamu. Alimwambia auze, alipe deni, halafu yeye na watoto waishi kwa kile kitakachobaki. Tuangalie ile orodha: kuuza, kulipa, kuishi. Wengi wetu tunaigeuza. Tunaanza kuishi, tena kuishi vizuri, na deni tunaliachia maombi ya usiku.

Siku hizi mdai haji kuchukua watoto wetu kuwa watumwa. Lakini watoto wanachukuliwa kwa njia ingine: wanafukuzwa shuleni. Tangu mwaka wa masomo ulioanza mwezi wa tisa 2019, shule za msingi za serikali ni za bure kwa sheria, lakini sekondari mzazi analipa, na mtoto akifika mwaka wa mwisho kuna feza ya Exetat, ambayo haingojei. Kila mwaka wazazi wanakuja kwetu tuombee mtoto ambaye hakuandikishwa. Tunaomba, na tutaendelea kuomba. Lakini mara nyingi tunapokaa na jamaa ile na kuuliza polepole, tunakuta kwamba feza ilipita ndani ya nyumba. Haikukaa.

Ilipita wapi? Hapo ndipo watu wanashindwa kujibu, kwa sababu feza nyingi inatoka vipande vipande. Mama anakumbuka kilo za unga, papa anakumbuka feza ya nyumba. Hakuna anayekumbuka mandazi ya njiani, soda ya baridi, moto ya kupanda mahali ambapo miguu ingefika kwa dakika 10, mega za kuangalia video, na feza inayokatwa kila mara tunapotoa kidogo kidogo kwenye telefone. Tuweke mfano. Tuseme vitu hivyo vyote ni franga 1,500 kwa siku katika nyumba nzima. Kwa mwezi ni 45,000. Kwa miezi 10 ya masomo ni franga 450,000. Kila mmoja aweke bei zake mwenyewe, kisha aende kumuuliza mkuu wa shule ya mtoto wake kama kiasi kile ni kidogo.

Tunachoomba jamaa zifanye ni kitu chepesi, tena kigumu. Chukueni kaye moja ya mtoto. Kwa siku 30 andikeni kila franga inayotoka, mume na mke, bila kuficha na bila kugombezana. Tunasema bila kugombezana kwa sababu jamaa zingine wanaacha siku ya tatu, si kwa uvivu, ni kwa vita. Mwezi wa kwanza msikatae kitu chochote, andikeni tu. Mwisho wa mwezi mketi, muombe, msome. Maandishi yatasema yenyewe, na hakuna atakayeweza kumshitaki mwenzake kwa maneno matupu.

Halafu kuna matumizi ambayo kila mtu anayakumbuka, lakini hakuna anayethubutu kuyagusa, kwa sababu yamefungwa na heshima. Ni juu ya hayo tunataka kukaa kidogo.

Ndoa ikitangazwa, kamati inachagua kitenge kimoja cha wote. Mama asiyekivaa anaonekana kama hapendi wenye sherehe. Tuseme kitenge ni dola 12, kushona ni dola 8, na bahasha ya zawadi ni dola 10. Hiyo ni dola 30, bila viatu, bila nywele, bila nauli. Sherehe nne kwa mwaka zinakuwa dola 120, kwa mtu mmoja tu ndani ya nyumba. Na kitenge kile, kwa sababu kinajulikana ni cha ndoa ya nani, kinavaliwa mara mbili ao tatu, kisha kinalala ndani ya sanduku. Hata kwenye kilio tumeingiza desturi hii: tishati zenye picha ya marehemu zinatengenezwa haraka, wakati mjane hajui watoto watakula nini juma linalofuata.

Hatusemi watu waache kuchangia. Kuchangia kilio na furaha ni upendo, na Paulo anatuagiza tufurahi na wanaofurahi, tulie na wanaolia. Lakini hakuna pahali alipoagiza tufanye hivyo kwa rangi moja. Mfuko wa unga kwa mwenye kilio ni msaada. Kitenge cha sita ndani ya sanduku si msaada kwa mtu yeyote, isipokuwa kwa mwenye kukiuza. Na hapa lawama si ya mama peke yake. Ni ya kamati, ni ya wazee wa kanisa, ni yetu wachungaji tunaosimama mbele na kusifu jinsi watu walivyopendeza. Mtu mmoja akikataa peke yake, anaonekana mchoyo. Kanisa zima likiamua kwamba kila mtu aje na nguo safi aliyo nayo, hakuna atakayeona haya. Ndiyo sababu tunaomba kamati za ndoa zichukue uamuzi huu kwa pamoja, mbele ya tangazo la kwanza, si nyuma.

Papa wengine wanasoma karatasi hii na wanafurahi kwamba tumesema juu ya vitenge. Wangoje kidogo. Matumizi ya mama yanaonekana kwa sababu yanavaliwa. Ya papa yanaliwa nje: nyama ya kuchoma na marafiki, telefone mpya wakati ya zamani inaita vizuri, suti ya tatu. Na kuna hii pari ya mpira, ambayo imeingia hata kwa vijana wa kwaya. Wanaiita kujaribu bahati, lakini mwenye duka la pari anajenga nyumba kwa bahati ya nani? Tena kuna mume anayeficha mshahara wake, mke anapokea tu ile anayopewa asubuhi kwa soko. Jamaa ya namna hiyo haiwezi kupunguza matumizi, kwa sababu hakuna anayejua kipimo cha kilichoingia. Anania na Safira walipatana kuficha. Sisi hata mume na mke hatupatani, kila mmoja anaficha kwa upande wake.

Sasa lazima tuseme neno la haki. Si kila matumizi madogo ni ujinga. Mtu anayeishi kwa kazi ya siku, anayebeba mizigo ao kuuza sambaza sokoni Kadutu, ananunua makala ya chungu kimoja, mafuta ya kipimo kidogo, sabuni ya kipande. Anajua kwamba mfuko mzima wa makala ni nafuu kuliko vile vifungu. Lakini feza ya mfuko mzima hana asubuhi ile. Kwa hiyo maskini analipa bei ya juu kuliko tajiri kwa kitu kimoja. Kumwambia ndugu huyu aache anasa ni kumtukana. Kinachoweza kumsaidia ni majirani. Mama watatu wa selula moja ya maombi wakiweka pamoja, wananunua mfuko mmoja wa makala na kugawana kwa kipimo kimoja. Wanaokutana siku ya nne kuomba wanaweza kabisa kukutana siku ya sita kugawana makala.

Na deni. Kila mtu hapa anajua ile mikopo inayoitwa Banki Lambert, ambayo haina ofisi wala kibao. Mtu anachukua dola 100, mwisho wa mwezi anarudisha 130, ao 150. Akishindwa, faida inazaa faida, na televisheni inaondoka, kisha kitanda. Tunajua kuna siku mgonjwa yuko hospitali na hakuna mlango mwingine. Siku ile ina hukumu yake. Lakini kukopa kwa namna hiyo ili kununua suti ya harusi ya mwingine, ao kuangaza siku ya kuzaliwa ya mtoto wa mwaka mmoja ambaye hatakumbuka kitu, hilo tunalikataza wazi. Kabla ya kujenga mnara, anasema Bwana katika Luka 14, mtu anaketi kwanza na kupiga hesabu. Kwanza anaketi.

Watu wanatuuliza tena kwa redio: na sadaka, na fungu la kumi, je, ni matumizi ya kupunguza? Tunajibu bila kuogopa. Kumtolea Mungu si matumizi yasiyofaa, na anayeanza kupunguza kwa Mungu na kuacha pari ya mpira amepunguza upande mbaya. Lakini Mungu hakuomba mtu akope ili atoe. Paulo aliwafundisha Wakorinto kwamba utayari unapokelewa kwa kadiri ya kile mtu anacho, si kwa kile asicho nacho, 2 Wakorinto 8:12. Na katika Marko 7 Bwana aliwakemea vikali wale waliosema feza yao ni korbani, yaani imewekwa kwa Mungu, ili wasiwasaidie baba na mama zao. Mtu anayeahidi mbele ya kanisa dola 50 ambazo ni za dawa za mama yake, ahadi ile ni ya kuogopwa. Wachungaji wenzetu, tusiipigie makofi.

Basi kile kinachookolewa tukiweke wapi? Kikikaa mfukoni kitatoka tena. Likirimba inasaidia, maana ni lazima utoe siku yako imefika, lakini mara nyingi aliyepokea anaona ni zawadi, na inaisha kwa juma moja. Kabla ya kupokea zamu yako, andika feza ile ina kazi gani. Kwa jamaa nyingi tunaona bora zile AVEC, vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana. Mfumo huu ulianza Niger mwaka 1991, shirika la CARE likitumika na wanawake wa vijiji, na umeenea katika nchi nyingi za Afrika hata kufika kwetu. Watu wapatao 15 mpaka 25 wananunua sehemu kila juma, wanakopeshana kwa faida ndogo ambayo inabaki kwao wenyewe, na mwisho wa mzunguko, miezi 9 ao 12, wanagawana. Kikundi kikianza mwezi wa kumi na moja, kinaweza kugawana mwezi wa nane, wakati shule zinakaribia kufunguliwa.

Sanduku la kikundi lina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti, hata mwenye kulinda sanduku nyumbani kwake hana ufunguo. Hesabu inafanywa mbele ya wote, kwa sauti. Makanisa yanayotaka kuanza, tunawashauri neno moja juu ya funguo hizo: mchungaji asishike hata mmoja. Wala mke wake.