Goti Limepona, Mwenyewe Bado

Kano ya mbele iliyo ndani ya goti, ile ambayo madaktari huiita kwa kifupi ACL, mara nyingi hukatika kwa mlio. Mchezaji husikia "pa!", goti huvimba ndani ya saa chache, na baada ya siku kadhaa akijaribu kukanyagia anaona linacheza, haliaminiki. Yanayofuata yanajulikana: kipimo cha MRI, mazungumzo ya upasuaji, magongo, mazoezi ya miezi. Yanayompata mtu moyoni hayasemwi sana, na kwa wengi ninaowahudumia kama mtaalamu wa tiba ya viungo, hayo ndiyo huchelewa kupona.

Chanzo cha machungu mengi ni namna ajali yenyewe inavyotokea. Karibu majeraha 7 kati ya 10 ya kano hii hutokea bila mtu kuguswa. Mguu umekita chini, mwili unageuka, goti linaingia ndani, kwisha. Sasa kwenye ndondo zetu, straika akianguka peke yake bila beki karibu, hakuna anayezungumzia mkao wa mguu. Watasema kamati ya ufundi ya wapinzani imefanya kazi yake. Simcheki anayewaza hivyo. Aliyepatwa na zito hutaka kujua nani kamfanyia. Lakini anayemtafuta mbaya wake halali, na akimkosa hujigeukia mwenyewe: ningevaa njumu nyingine, ningekataa kuingia kipindi cha pili. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa huchukua goti la plastiki pale mezani, nikaligeuza taratibu mbele ya mgonjwa mpaka aone kano inavyovutika na inapofikia kukatika. Wengine hukaa kimya kidogo, kisha huuliza kwa sauti ya chini: "Kwa hiyo hakuna mtu?" Hakuna mtu.

Halafu kuna aibu ya paja. Goti likivimba, mishipa ya fahamu hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo na ubongo, na amri inayokwenda kwenye msuli mkubwa wa mbele wa paja hupunguzwa. Ni kinga ya mwili. Mgonjwa hajui hilo. Amelala kitandani, taulo limekunjwa chini ya goti, anaambiwa alikandamize. Anakaza meno, shingo inasimama mishipa, paja limelala vilevile. Mtu aliyekuwa akikimbia kilomita 10 na klabu yake ya jogging kila Jumapili alfajiri anatokwa na machozi kwa sababu ya taulo. Akielezwa kwamba uvimbe ukishuka na msuli ukisisimuliwa kwa umeme mdogo amri itarudi, anaacha kujiona mvivu. Ni maelezo ya dakika mbili tu, na inashangaza jinsi yanavyosahaulika hospitalini.

Nyumbani, wiki za mwanzo watu hujaa. Baadaye pole zinakwisha, namba yake uwanjani inachukuliwa na kijana wa juzi, na kundi la WhatsApp la timu linaendelea kupanga safari bila yeye. Kwa wanaume hasa, marafiki wote wako kiwanjani; kiwanja kikiondoka, na marafiki wameondoka. Wapo makocha wasiotaka majeruhi asogelee benchi, eti ni nuksi. Nadhani wanakosea vibaya. Mpe saa ya kupimia muda, mpe simu arekodi mazoezi, mwite kwenye kikao. Ila aulizwe kwanza, maana wengine kukaa pembeni wakitazama kunawachoma zaidi, na hao wana haki ya kukaa mbali kwa muda. Usingizi ukipotea wiki mbili mfululizo, chakula hakipiti, au pombe imeongezeka, tafuta mshauri nasaha. Akisema afadhali asingekuwepo, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Kazi ngumu zaidi huja mwishoni, wakati kila mtu anadhani imekwisha. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kuwa baada ya upasuaji wa kano hii, asilimia 81 ya wagonjwa walirudi kwenye mchezo wa aina fulani, asilimia 65 walifikia kiwango chao cha zamani, na asilimia 55 tu ndio waliorudi kwenye mashindano. Wengi wa waliobaki nje si kwamba magoti yao yalishindwa. Waliogopa kuumia tena.

Derrick Rose wa Chicago Bulls alikatika kano ya goti la kushoto Aprili 28, 2012, mwaka mmoja tu baada ya kuwa mchezaji bora wa NBA akiwa na miaka 22. Kufikia Machi 2013 madaktari walikuwa wamemruhusu. Akafanya mazoezi na wenzake, lakini msimu mzima hakucheza, na mashabiki wakamsema sana. Aliporudi, Novemba 2013 akaumia goti la kulia. Sisemi hofu yake ilikuwa utabiri. Nasema ruhusa ya daktari wa mifupa inahusu mifupa na kano. Waliomwita mwoga walitaka karatasi hiyo ijibu swali ambalo haikuulizwa.

Na hofu nyingine ina akili. Anayerudi kwenye mchezo wa kukimbia na kugeuka kabla ya miezi 9 hujiweka kwenye hatari kubwa zaidi ya kukatika tena. Hofu ya mwezi wa tano, basi, isikilizwe. Ya mwezi wa kumi na mbili, goti likiwa imara, ndiyo ya kutibiwa, na "kaza moyo" haiitibu. Lipo dodoso la maswali 12 la kupima utayari wa akili baada ya jeraha hili. Nalitumia, kisha naanza na kile anachokiogopa kidogo. Kuruka na kutua kwa miguu miwili. Kisha mmoja, na kuganda. Kugeuka kwa kasi nusu. Kugeuka mbele ya mpinzani aliyesema atakwenda upande gani, halafu asiyesema. Hatua inayomtetemesha hurudiwa mpaka imchoshe.

Mechi ya kwanza iwe ya kirafiki, dakika 15 za mwisho, kwenye kiwanja anachokijua, na kocha awe ameambiwa mapema kwamba akiomba kutoka atolewe bila kuulizwa sababu.