Duka la Bei Nafuu: Lilikujaje, Likaenda Wapi?

Mama wa Runzewe anapotoka dukani na kilo moja ya sukari, mche wa sabuni na kiberiti, haombi ruhusa kwa mtu. Ametoa fedha yake, amepewa mali yake, basi. Vijana wake huenda wasijue kwamba bibi yao aliipata sukari hiyo kwa foleni na kwa orodha, katika duka lililoanzishwa kwa nia njema kabisa ya kumpunguzia mnyonge bei. Historia ya duka hilo yafaa kusimuliwa nyumbani, kwa kuwa ina funzo kwa kila mwenye kushika mfuko wa familia.

Tanganyika ilipopata uhuru, biashara ya jumla ilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa makampuni ya kigeni na wafanyabiashara wa Kiasia. Mwaka 1962 ikaundwa COSATA, ili wanaushirika wawe na maduka yao wenyewe ya bei nafuu. Haikudumu. Baada ya Azimio la Arusha, mwezi Februari 1967, makampuni makubwa ya biashara yalitaifishwa, likazaliwa Shirika la Biashara la Taifa, STC. Nalo lilikuwa zito mno kuongozwa kutoka Dar es Salaam. Mwaka 1973 likavunjwa, na kila mkoa wa Tanzania Bara ukapewa Kampuni ya Biashara ya Mkoa, ambayo wananchi waliizoea kwa herufi zake tatu: RTC. Mwaka huohuo Tume ya Bei ikaanza kupanga bei za bidhaa.

Wakati huo Runzewe ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Geita ulizaliwa mwaka 2012 tu. Hebu tufuate gunia la sukari la siku zile. Linasafiri kwa reli kutoka pwani, linashushwa, kisha linapakiwa katika lori kupita Kahama na Ushirombo kwa barabara ya vumbi, na masika kwa barabara ya tope. Petroli ilikuwa imepanda bei duniani kote tangu mwaka 1973, na ikapanda tena mwaka 1979. Bei ya sukari ilikwisha kupangwa, na faida ya muuzaji ilikwisha kupimwa. Lori likivunjika springi, nani angelipa? Kijiji kilipokuwa mbali zaidi, ndipo faida ilipokuwa ndogo zaidi.

Mwezi Februari 1976 ikaja Operesheni Maduka, iliyohimizwa na Waziri Mkuu Rashidi Kawawa. Maduka ya watu binafsi yalitakiwa yaachie nafasi maduka ya vijiji na ya ushirika. Mahali pengine duka la zamani lilifungwa kabla jipya halijawa hata na rafu, na Serikali ikalazimika kupunguza kasi. Na jambo la kushangaza ni hili: mwezi Mei mwaka huohuo vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa. Wananchi wakaambiwa waendeshe maduka ya pamoja wakati shule yao ya kuyaendesha imefungwa.

Yaliyofuata yanakumbukwa na wazee. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Mwaka 1978 Idi Amin alivamia Kagera. Fedha za kigeni zikakauka. Katika duka la bei nafuu bei ilibaki ileile ubaoni, lakini rafu zilikuwa tupu. Sukari ilipatikana uani, kwa bei ya kuruka. Akina mama wakafulia majani ya mpapai. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi, na bidhaa nyingi zilizofichwa zikafichuliwa. Hata hivyo, kufichua si kuzalisha. Mwaka 1984 Serikali iliwaruhusu wenye fedha zao za nje kuagiza bidhaa, na rafu zikaanza kujaa. RTC haikuweza kushindana, na katika miaka ya 1990 mlango huo ukafungwa.

Tusidhani kwamba kosa ni la dola peke yake. Huko Kenya, Serikali ilianzisha Uchumi mwaka 1975 kwa nia kama hiyohiyo. Ikastawi, ikafungwa kwa madeni Juni 2006, ikafufuka, ikaja hadi Tanzania, na mwaka 2015 ikafunga maduka yake hapa. Shoprite ya Afrika Kusini iliuza maduka yake ya Tanzania kwa Nakumatt mwaka 2014. Miaka michache baadaye Nakumatt nayo ikaanguka kwa madeni.

Wahenga walisema rahisi ghali. Wafumaji na mafundi wengine, jumla yao 28, wa Rochdale, Uingereza, walilijua hilo walipofungua duka lao mwaka 1844. Walianza na bidhaa chache, wakauza kwa fedha taslimu, wakapima kwa haki na kugawana ziada kwa kadiri ya manunuzi. Hesabu zao hazikufichwa ofisini; zilikuwa katika daftari ambalo kila mwanachama aliweza kulisoma.

Kaya za Runzewe zikitaka kesho kuchanga na kununua gunia la sukari kwa pamoja, zianzie hapo. Zisiulize kwanza bei itakuwa nafuu kiasi gani. Ziulize daftari litakaa kwa nani, na nani atalikagua.