Kufundisha Kutafuta Chanzo: Mfano wa Gari Lililopungukiwa Nguvu

Katika vijiji vilivyo kando ya njia ya kale ya misafara, iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, pikapu kuukuu hubeba tumbaku, asali, hata wagonjwa. Ikipungukiwa nguvu, wengi hubadili vipuri kwa kubahatisha na kupoteza fedha. Mwalimu wa sayansi aweza kulifanya tatizo hili kuwa somo la kufikiri kwa utaratibu, hata kwa mchoro wa ubaoni.

Kwanza, wanafunzi watenganishe. Injini ikivuma kwa kasi lakini gari lisiongeze mwendo, yamkini klachi inateleza. Gurudumu moja likiwa na joto kupita mengine, huenda breki imeshika. Katika hali hizo injini yenyewe yaweza kuwa nzima.

Pili, wataje mahitaji ya injini ya petroli: hewa, mafuta, cheche, mgandamizo ndani ya silinda, na njia ya kutolea moshi. Kila hitaji lichunguzwe peke yake, kuanzia lililo rahisi. Vumbi la kiangazi huziba chujio la hewa. Hilo litazamwe mapema. Moshi mweusi huonyesha kuwa petroli imezidi hewa; wa samawati, kuwa oili inaungua. Kisha zifuate chujio la petroli, plagi na bomba la moshi. Mwisho mgandamizo, unaohitaji kipimo cha fundi.

Mwalimu asitoe jibu upesi. Kila hatua aulize: "Tumeondoa sababu ipi?" Tena mambo mawili yasibadilishwe kwa pamoja, kwani gari likipona hatutajua lililoliponya. Mtoto aliyezoea utaratibu huu atautumia pia shambani mahindi yanyaukapo, na kisimani pampu isipotoa maji.