Luol Deng: Mkimbizi wa Wau aliyerudi kwao na timu ya taifa

Na Mwandishi Wetu

WANAOVUKA mpaka pale Elegu na Nimule na shehena ya kwenda Juba wanalijua jambo hili: Sudan Kusini hununua vitu vingi mno kutoka nje. Unga, saruji, sabuni na mabati hupita barabara ya Gulu. Lakini ipo bidhaa moja ambayo nchi hiyo iliitoa nje bila malipo, tena kwa machozi, nayo ni vijana wake. Baadhi yao wamerudi wakiwa wacheza kikapu, na aliyewakusanya ni mtu mmoja anayeitwa Luol Deng.

Deng alizaliwa Aprili 16, 1985, mjini Wau, wakati nchi ingali Sudan moja na vita vya kusini vikiwa vimepamba moto. Baba yake, Aldo Ajou Deng, alikuwa mwanasiasa aliyewahi kuwa mbunge na waziri. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1989 alitiwa kizuizini, na familia ikakimbilia Misri.

Huko Misri ndiko watoto hao walikokutana na Manute Bol, Mdinka mwenzao mwenye urefu wa mita 2.31, aliyeingia Ligi ya Kikapu ya Marekani (NBA) mwaka 1985. Bol aliwafundisha kaka zake Luol, na mdogo naye akajifunza kwa kutazama. Baadaye baba yao alipewa hifadhi Uingereza, na familia ikahamia kusini mwa jiji la London. Kijana akacheza soka na kikapu, akijiunga na klabu ya Brixton Topcats.

Akiwa na umri wa miaka 14 alivuka bahari kwenda shule ya Blair Academy, jimbo la New Jersey. Kufikia mwaka 2003, miongoni mwa wanafunzi wa rika lake waliokuwa wakimaliza sekondari Marekani, wataalamu wengi walimweka nafasi ya pili. Wa kwanza alikuwa LeBron James.

Alisoma Chuo Kikuu cha Duke kwa mwaka mmoja tu. Mwaka 2004 alichaguliwa wa 7 katika NBA na timu ya Phoenix Suns, ambayo ilimpeleka Chicago Bulls. Chicago pakawa nyumbani kwake kwa karibu miaka 10.

Deng hakuwa mchezaji wa mbwembwe. Sifa yake ilikuwa kazi: kukaba, kukimbia na kukaa uwanjani muda mrefu kuliko wenzake. Katika misimu ya 2011-12 na 2012-13 aliongoza ligi nzima kwa wastani wa dakika za kucheza kwa mechi. Alichaguliwa katika kikosi cha nyota wa ligi mwaka 2012 na 2013. Kwa misimu 15 alifunga wastani wa pointi 14.8 kwa mechi.

Mwili ulilipa gharama. Mwaka 2012 alicheza na kano iliyochanika kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, akakataa kufanyiwa upasuaji ili asikose Michezo ya Olimpiki ya London. Mwaka uliofuata, katikati ya mechi za mtoano, alipimwa maji ya uti wa mgongo kwa hofu ya homa ya uti wa mgongo, na kipimo hicho kikamwacha hoi kitandani. Januari 2014 Bulls wakampeleka Cleveland Cavaliers.

Baadaye alichezea Miami Heat, kisha mwaka 2016 akasaini na Los Angeles Lakers mkataba wa miaka 4 wenye thamani ya dola milioni 72. Msimu wa pili alipangwa mechi 1 tu. Alimalizia Minnesota Timberwolves, na Oktoba 2019 akastaafu akiwa amesaini tena na Bulls kwa heshima ya kuagia palepale alipoanzia.

Sasa msomaji anaweza kuuliza: mtu huyu ni wa wapi hasa? Alipata uraia wa Uingereza mwaka 2006, na katika Olimpiki ya 2012 aliivaa jezi ya Uingereza. Sudan Kusini ilikuwa imepata uhuru Julai 9, 2011, na ilikuwa haijaingia hata katika Shirikisho la Kimataifa la Kikapu (FIBA). Iliingia Desemba 2013, mwezi uleule ambao vita vipya vilizuka Juba.

Wapo ambao wangetosheka na hapo. Fedha ipo, pasi ya kusafiria ipo, na nyumbani kunawaka moto. Deng alifanya kinyume. Mwezi mmoja baada ya kustaafu, Novemba 2019, alichukua urais wa Shirikisho la Kikapu la Sudan Kusini, akabeba mzigo wa tiketi za ndege, hoteli na kambi kwa fedha zake mwenyewe. Mwishoni mwa 2020, katika mechi za kufuzu zilizochezwa Kigali, aliketi yeye mwenyewe kwenye benchi kama kocha.

Timu ilifuzu. Algeria ilikuwa imejitoa kwa sababu ya corona, na Sudan Kusini ikachukua nafasi yake katika mechi hizo za kufuzu mashindano ya Afrika ya 2021, yaliyofanyika hapohapo Kigali. Chini ya kocha Mmarekani Royal Ivey ikafika robo fainali kwa mara yake ya kwanza kushiriki.

Kombe la Dunia la 2023 lilipochezwa Asia, iliifunga China 89-69, Ufilipino 87-68 na Angola 101-78, ikamaliza ya kwanza kwa timu za Afrika na kukata tiketi ya Olimpiki ya Paris 2024.

Julai 20, 2024, mjini London, Marekani iliponea chupuchupu katika mechi ya kirafiki kwa 101-100. Aliyefunga kikapu cha kuwaokoa alikuwa LeBron James. Siku 8 baadaye Sudan Kusini iliifunga Puerto Rico 90-79 na kupata ushindi wake wa kwanza wa Olimpiki. Kabla ya mechi hiyo waandaaji walipiga kwa makosa wimbo wa taifa wa Sudan. Kwa watu waliopigana miongo mingi kujitenga na Khartoum, kosa hilo liliuma. Wachezaji walisimama, wakasubiri wimbo wao, kisha wakacheza. Walifungwa na Marekani 103-86 na Serbia 96-85, wakatoka mashindanoni vichwa juu.

Wachezaji hao wengi ni watoto wa wakimbizi. Kuany Kuany na Bul Kuol walipitia kambi ya Kakuma, Kenya. Khaman Maluach, aliyekuwa Paris na umri wa miaka 17, alizaliwa Rumbek na kukulia Kampala. Mwaka 2025, baada ya mwaka mmoja Duke, alichaguliwa wa 10 katika NBA na kuishia Phoenix Suns.

Tusijidanganye kwamba kikapu kimemaliza matatizo. Timu hiyo ilipanda hadi Olimpiki bila uwanja wa ndani nyumbani Juba, na mechi zake kubwa wananchi walizitazama kwenye televisheni. Pointi hazinyamazishi bunduki.

Hata hivyo, kwa kila aliyerudi na mabegi yake akiulizwa ameleta nini, mfano wa Deng una jibu. Hakurudi na fedha tu. Alirudi na ujuzi wa miaka 15, majina ya watu aliowajua na namna ya kazi aliyojifunza ugenini, akavitumia kwa vijana ambao hakuna aliyekuwa akiwahesabu. Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa. Lakini kurudi peke yake hakutoshi. Lazima mtu arudi na kazi ya kufanya.