Kivu: Simu moja kwa watoto wanne, namna ya kusomea nyumbani bila mtoto kuzama ndani ya kioo

Tangu vita ilipoingia Goma mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, kisha Bukavu mwezi wa pili, wazazi wengi wa Kivu Kaskazini na Kivu Kusini wamejikuta wakifanya kazi ya mwalimu bila kuitafuta. Mwezi huo wa pili, UNICEF ilitangaza kwamba shule na nafasi za masomo zaidi ya 2 500 zilikuwa zimefungwa katika majimbo hayo mawili, na watoto 795 000 hawakuwa wakisoma. Shule nyingi zilifunguliwa tena baadaye. Lakini kwa jamaa zilizokimbia, kwa zile ambazo shule yao iligeuka makao ya wakimbizi, na kwa zile zinazoogopa kumtuma mtoto mbali, masomo yamebaki nyumbani.

Nyumbani hapo, mara nyingi kuna chombo kimoja tu: simu ya baba ao ya mama. Wazazi wanajua kwamba simu hiyo inaweza kubeba masomo. Wanajua pia kwamba mtoto akiipokea saa mbili asubuhi kwa ajili ya hesabu, saa nne wanamkuta anaangalia video za kuchekesha, yunite zimekwisha na batri imekufa. Wengine wameamua kumnyima mtoto simu kabisa. Je, kuna njia ya kati?

Somo lisilo na kioo

Chombo cha kwanza ni radio, na kila mtu anaifahamu. Wakati wa Covid-19, shule zote za nchi zilifungwa mwezi wa tatu 2020, na Radio Okapi ilianza kutangaza masomo katika kipindi kilichoitwa Okapi École. Mtoto alisikiliza, akaandika ndani ya kaye, akajibu maulizo ya mwalimu aliyekuwa mbali. Hakukuwa na kioo cha kumvuta wala mega za kununua.

Shida ya radio ni kwamba haingojei mtu. Umeme ukikatika saa ya kipindi, somo limepita. Ndiyo sababu wazazi wengine wanapenda sauti iliyorekodiwa. Radio ndogo nyingi zinazouzwa sokoni zina nafasi ya kuweka USB ao kadi memori. Mwalimu wa mtaa anaweza kurekodi somo la dakika kumi kwa simu yake, akaliweka kwenye kadi, na kadi hiyo ikazunguka nyumba tano. Mtoto analirudilia mara tatu kama hakuelewa. Hata simu inaweza kufanya kazi hiyo: inalazwa juu ya meza, kioo kikiangalia chini, na masikio ndiyo yanafanya kazi.

Shirika la Ubongo la Tanzania, lililoanza Dar es Salaam mwaka 2013, linatengeneza vipindi vya kufundisha hesabu na sayansi kwa nyimbo na hadithi, vya televisheni na vya radio pia. Mtoto wa Kadutu ao wa Ndosho anaelewa Kiswahili hicho, ijapokuwa maneno kadhaa yatamshangaza. Mzazi akumbuke jambo moja: katika programu ya Kongo, madarasa ya kwanza ya shule ya msingi yanafundishwa kwa lugha ya taifa, yaani Kiswahili huku mashariki, kisha Kifaransa kinachukua nafasi. Kwa hiyo mtoto wa darasa la nne ao la tano aandike ndani ya kaye neno la Kiswahili na pembeni lile la Kifaransa. Bila hivyo, atajua kupiga hesabu lakini atashindwa kusoma ulizo la mtihani.

Maktaba inayoingia ndani ya kadi memori

Kuna pia vyombo vinavyotumia kioo lakini bila intaneti. Kwa mzazi anayeogopa simu, hiyo ndiyo tofauti kubwa, kwa sababu mambo yanayomvuta mtoto nje ya somo mara nyingi yanaingia kwa njia ya intaneti.

Kiwix ni programu ya bure inayomwezesha mtu kusoma Wikipedia na vitabu vingine bila mtandao. Inatosha kupakua faili mara moja, mahali penye mtandao mzuri, kisha kuiweka kwenye simu ao kompyuta. Wikipedia ya Kifaransa pamoja na picha zake ni nzito, inapita giga 30. Lakini Vikidia, ensaiklopedia ya Kifaransa iliyoandikwa kwa ajili ya watoto wa miaka 8 mpaka 13, inaingia bila shida kwenye kadi ya kawaida.

Kolibri, iliyotolewa mwaka 2017 na shirika la Marekani Learning Equality, inakwenda mbali zaidi. Inabeba masomo, mazoezi na video, yakiwemo yale ya Khan Academy kwa Kifaransa. Kompyuta moja, hata ya zamani, inaweza kuyagawa kwa simu zilizo karibu kwa wifi isiyo na intaneti. Mwalimu anaona nani amemaliza zoezi gani. Kwa parokia, kwa kanisa, ao kwa nyumba tatu zinazoshirikiana uwanja mmoja, hicho ni chombo kinachowezekana.

Kwa watoto wadogo wanaoanza kusoma, kuna African Storybook, kazi iliyoanzishwa Afrika Kusini mwaka 2014. Ina hadithi fupi zenye picha, kwa Kiswahili, Kifaransa na lugha nyingi za Afrika. Hadithi hizo zinaruhusiwa kunakiliwa. Mzazi anaweza kuzichapisha kwenye duka la fotokopi, akazikunja na kuzishona kwa uzi. Mtoto anapata kitabu cha mkononi, na simu inabaki mfukoni.

Saa ngapi mbele ya kioo?

Shirika la afya duniani, OMS, lilitoa mashauri mwaka 2019 kwa watoto wasiofika miaka 5. Chini ya miaka 2, linashauri mtoto asikalishwe mbele ya kioo. Kutoka miaka 2 mpaka 4, isipite saa moja kwa siku, na ikiwa kidogo zaidi ndiyo vizuri. Kwa watoto wakubwa, OMS inasema wakati wa kioo cha kujifurahisha upunguzwe, lakini haikuweka idadi ya saa. Hapo mzazi mwenyewe ndiye anaamua.

Ulizo hili si la Kivu peke yake. Marekani, ambako kusomesha watoto nyumbani kunaruhusiwa katika majimbo yote 50, kuna jamaa zinazochagua masomo ya nyumbani na kupunguza vioo kwa makusudi. Tofauti ni kwamba wao wamechagua, wana vitabu na wana umeme. Katika Kongo, Katiba inasema, katika kifungu cha 43, kwamba masomo ya msingi ni ya lazima, na ya bure katika shule za serikali. Kusomea nyumbani hapa ni daraja la kuvukia tu wakati njia ya shule imekatika.

Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 juu ya teknolojia katika masomo ilionya vilevile: chombo cha kidijitali kisaidie kazi ya mwalimu, kisichukue nafasi ya mtu anayefundisha uso kwa uso.

Kupanga siku

Tuchukue jamaa yenye watoto wanne na simu moja. Simu inabaki ya mzazi. Inawekwa kwenye mode avion, inakaa juu ya meza ambapo kila mtu anaona, haiingii chumbani. Kila mtoto anapata dakika 15 ao 20, mkubwa na mdogo, mvulana na msichana sawasawa. Jambo hili la mwisho lisisitizwe: katika nyumba nyingi msichana anatumwa maji wakati ndugu yake ameshika simu, na zamu yake inafika batri ikiwa imekwisha. Zamu ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani.

Baada ya dakika hizo, kazi inahamia kwenye kaye. Mtoto aliyesoma juu ya volkeno ndani ya Vikidia anachora Nyiragongo, anaandika sentensi tano, kisha anamfundisha mdogo wake. Akishindwa kueleza, anarudilia kesho. Kwa njia hiyo dakika 20 za kioo zinazaa saa moja ya kazi ya mkono na ya mdomo, na gharama ya kuchaji simu inapungua pia.

Mpaka wa vyombo hivi ujulikane. Mtoto asiyejua bado kuunganisha herufi hatasaidiwa na ensaiklopedia. Anahitaji mtu wa kukaa karibu naye, na dada ao kaka wa darasa la sita anaweza kuifanya kazi hiyo. Mzazi asiyesoma hana haja ya kuona haya: anaweza kulinda saa, kuomba asikie somo likielezwa, na kuhesabu kurasa zilizoandikwa.

Siku mlango wa shule utakapofunguka

Hofu kubwa ya wazazi ni mwaka kupotea. Kwa wakubwa, sheria inaacha mlango: mtu aliyejisomesha mwenyewe anaweza kutafuta Diplome d'État kama autodidacte, akipita kwanza mtihani wa matayarisho. Kwa wadogo hakuna njia hiyo. Wanapaswa kurudi darasani, na mwalimu anayewapokea atataka kujua wamefika wapi.

Kwa hiyo kila kaye iwekewe tarehe, kila zoezi lihifadhiwe, hata lile lenye makosa, na bulletin ya mwisho ifichwe pamoja na karatasi za jamaa ambazo mtu anakimbia nazo. Simu inaweza kuibiwa ao kuharibika njiani. Kaye yenye tarehe itamwonyesha mwalimu, ukurasa kwa ukurasa, kwamba mtoto huyu hakuacha kusoma.